Steringi Lazima Ashinde

Asubuhi ya Alhamisi, tarehe 24 Oktoba 2013, nilishuka ngazi kwenda kuchukua chai kwa Mashi, mama wa Kibengali mwenye nyumba wangu, nikakuta jiko limezimwa. Hilo peke yake lilitosha kuniambia kuna msiba. Nilikuwa na miaka miwili tangu nipange chumba cha juu katika nyumba yake pale Kammanahalli, Bengaluru, India, na sikuwahi kuona saa moja ya asubuhi ikapita bila sufuria yake kuchemka. Ilikuwa kama siku kumi tu tangu sikukuu ya Kihindu ya Durga Puja iishe, nyumba bado ina harufu ya ubani.

Mashi alikuwa amekaa mbele ya televisheni, ncha ya sari mdomoni.

"Manna-da ametutoka," akasema.

Nikampa pole. Kwa kuwa nilishajua kwamba Mbengali akiongeza "da" kwenye jina la mtu anamwita kaka, nikamuuliza kwa upole kama ni kaka yake wa tumbo moja. Akanigeukia kama mtu aliyetukanwa.

"Baba," akasema, maana ndivyo anavyomwita kijana yeyote anayemhesabu kama mwanawe, "kila asubuhi unaoga ukiimba 'Yeh Dosti'. Unadhani ule wimbo ni wa nani?"

"Wa Kishore Kumar, Mashi."

"Na yule mwingine?"

Yule mwingine! Kama umekulia kwenye sinema za Kihindi huhitaji kuelezwa Sholay ya mwaka 1975: Dharmendra na Amitabh Bachchan kwenye pikipiki yenye kigari cha pembeni, wanaimba urafiki wao. Watu wawili wanaimba, kwa hiyo sauti ni mbili, ila hakuna iliyo ya waigizaji wenyewe. Kishore Kumar anamwimbia Dharmendra. Anayemwimbia Amitabh ni Manna Dey, huyo huyo Manna-da wa Mashi. Nimeuimba wimbo ule tangu sijaota ndevu, na miaka yote hiyo nilikuwa nimewazika watu wawili katika jina la mmoja.

Kilichoniuma zaidi nilikisikia dakika chache baadaye kwenye taarifa ya habari. Mzee alikuwa na miaka 94, na makazi yake ya uzeeni yalikuwa Kalyan Nagar. Kalyan Nagar ni jirani kabisa na Kammanahalli. Huko ndiko nilikokuwa nakwenda kunyoa. Miaka miwili nimepita mitaa ile na spika masikioni, pengine nikimsikiliza yeye, na yeye yuko nyuma ya ukuta mmojawapo amevaa ile kofia yake.

Tulipanda bajaji na Mashi mpaka Ravindra Kalakshetra, ukumbi ambako mwili uliwekwa ili watu wamuage. Foleni ilikwenda polepole. Mashi alikuwa na maua aliyoyafunga kwenye gazeti, na alipofika mbele aliyaweka, akainama, akaondoka bila kugeuka nyuma. Siku hiyo hiyo mzee akachomwa Hebbal kwa desturi ya Kihindu. Njia nzima ya kurudi Mashi hakusema neno. Tulipofika nyumbani akawasha jiko, akaniambia: "Leo jioni usiende kokote. Nitakufundisha kusikia."

Nilikuwa na mtihani wa famakolojia wiki ile. Nikabaki.

*

Jioni ile ikazaa nyingine, na nyingine, mpaka nikamaliza masomo. Mashi alikuwa mwalimu mstaafu na alifundisha kama mwalimu: wimbo mmoja, mara tatu, kisha swali. Alikuwa na kile kinanda cha harmoniamu kinachopulizwa kwa mkono, ambacho hakukipiga vizuri, na hasira ambayo aliipiga vizuri sana.

Jina la kuzaliwa la Manna Dey ni Prabodh Chandra Dey. Alizaliwa Kolkata tarehe 1 Mei 1919, katika nyumba iliyotawaliwa na baba yake mdogo, Krishna Chandra Dey, mwimbaji aliyepofuka akiwa mvulana na bado akawa miongoni mwa sauti kubwa za Bengali. Huyu ndiye mwalimu wake wa kwanza. Baadaye akapelekwa kwa Ustadh Dabir Khan. Lakini kijana alikuwa na penzi la pili: mieleka. Alijifunza kwa Gobar Guha, mpiga mieleka aliyejulikana hadi nje ya India. Mashi alilipenda sana jambo hilo, na kila mara alilirudia: mtu aliyefunzwa kuangusha watu na kuangushwa.

Mwaka 1942 akamfuata baba yake mdogo Bombay (Mumbai ya leo), kama msaidizi. Kazi zake za mwanzo ndizo zile za msaidizi yeyote wa mwanamuziki: kuandika nota, kufundisha waimbaji wengine wimbo, kukaa pembeni. Akiwa pembeni hivyo ndipo bahati ilipomkuta. Inasimuliwa kwamba watengenezaji wa Ram Rajya, filamu ya mwaka 1943, walikwenda kumwomba yule mzee kipofu aimbe wimbo ambao mwigizaji mwingine angeuchezeshea midomo. Mzee akakataa. Hakutaka kuazimisha sauti yake kwa uso wa mtu. Wakamgeukia kijana aliyekaa kando.

Hapa nisimame kidogo kwa ajili ya wasioifahamu kazi yenyewe. Katika sinema za India wimbo hurekodiwa kwanza, studioni, na mwimbaji ambaye hutamwona. Kisha siku ya kupiga picha wimbo ule unachezwa kwa spika, na mwigizaji anafungua mdomo kufuatisha. Utaratibu huo ulianza Kolkata mwaka 1935 katika studio ya New Theatres, kwenye filamu iliyotoka kwa Kibengali na Kihindi, na yule yule Krishna Chandra Dey alikuwamo humo akiigiza na kuimba. Tofauti ni kwamba yeye aliimba kwa uso wake. Miaka michache baadaye mwanawe wa kaka akaingia kazini kama sauti isiyo na uso, na akabaki hivyo kwa zaidi ya nusu karne. Na usidhani ilikuwa kazi ya kukata na kuunganisha kama siku hizi. Enzi zile mwimbaji na wapigaji wote walikuwa chumba kimoja, wanarekodi kwa mkupuo. Mpiga fidla mmoja akiteleza dakika ya tatu, wote mnarudi mwanzo.

Ule wimbo wa Ram Rajya ulimletea kazi, lakini pia ulimletea balaa. Kwenye filamu ulikuwa ni wimbo wa mzee mtakatifu, na watengenezaji wa filamu ni watu wa mazoea: ukiimbia mzee ukapendeza, kesho wanakuletea mzee mwingine. Kijana wa miaka 24, mwenye kifua cha mpiga mieleka, akawa anakwenda sinema na kukuta sauti yake inatoka kwenye ndevu nyeupe. Ilimchukua mpaka mwaka 1950, pale mtunzi S. D. Burman alipompa "Upar Gagan Vishal" kwenye filamu ya Mashaal, ndipo watu wakaanza kuulizana ni nani huyu.

Akaja mwigizaji Raj Kapoor. Katika Awaara ya 1951, kisha Shree 420 ya 1955, Manna Dey aliimba na Lata Mangeshkar nyimbo ambazo hata leo ukizipiga harusini wazee wanasimama. "Pyar Hua Ikrar Hua", ile ya mwavuli mmoja kwenye mvua, sauti ya kiume ni yake. Lakini sauti ya kawaida ya Raj Kapoor ilikuwa Mukesh, na kila mtu alijua. Filamu ya Chori Chori ilipotengenezwa mwaka 1956, mwenye fedha alimtaka Mukesh, mpaka watunzi Shankar na Jaikishan wakang'ang'ania ndipo Manna Dey akaimba. Sikiliza "Yeh Raat Bheegi Bheegi" halafu uniambie mwenye fedha alikuwa na masikio au vipuli.

*

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Mwaka huo huo wa 1956, Shankar-Jaikishan walikuwa na filamu nyingine mkononi, Basant Bahar. Hadithi inamhusu mwimbaji kijana anayeingia mashindano dhidi ya mwimbaji mkubwa wa baraza la mfalme, na anamshinda. Shankar akamwambia Manna Dey ajifunge kibwebwe kwa sababu kuna wimbo mzito unakuja. Manna Dey akafurahi. Akauliza anaimba na nani.

Bhimsen Joshi.

Kwa msomaji ambaye jina hilo halimshtui, niseme hivi. Waimbaji wa kiklasiki wa India ya kaskazini wamegawanyika katika gharana, yaani koo za uimbaji. Si lazima ziwe za damu, ni za ualimu, kila ukoo na namna yake ya kuishika raga, yaani mpangilio wa nota wenye kanuni zake ambao mwimbaji anaufumulia wimbo wake. Bhimsen Joshi alikuwa wa gharana ya Kirana, na sauti yake ilikuwa kitu cha kutisha: nzito, pana, yenye pumzi isiyokwisha, ikipanda inapanda kama lori lenye mzigo kwenye mlima, taratibu lakini huwezi kulizuia. Miaka mingi baadaye alipewa Bharat Ratna, nishani ya juu kabisa ya raia katika nchi ile. Alizaliwa mwaka 1922, kwa hiyo alikuwa mdogo kwa Manna Dey karibu miaka mitatu. Lakini umri haukuwa na maana pale. Mmoja alikuwa mtu wa jukwaa, anaweza kukaa na raga moja saa nzima. Mwingine alikuwa mtu wa filamu, wa dakika tatu na nusu.

Na huyu wa dakika tatu na nusu ndiye aliyetakiwa kushinda.

Manna Dey alikwenda nyumbani akamwambia mkewe, Sulochana, wafungashe waondoke Bombay kwa siku kadhaa, wakajifiche mpaka rekodi ipite na mwimbaji mwingine awe ameshapatikana. Kisa hiki alikisimulia mwenyewe mara nyingi uzeeni, akicheka. Sulochana, Mmalayali wa Kerala aliyemwoa mwaka 1953, hakucheka. Alimkumbusha kwamba yeye anamwimbia mhusika mkuu wa filamu, na mhusika mkuu hana budi kushinda, sasa atakimbiaje?

Mashi aliponisimulia hapo nilipiga paja. Hii ndiyo kanuni ya kwanza ya sinema tuliyofundishana utotoni, tukiwa tumejazana mbele ya televisheni moja ya mtaa: steringi hafi. Steringi lazima ashinde. Sikujua kwamba kanuni ile imewahi kumzuia mtu mzima kukimbia mji.

Akabaki, akafanya mazoezi kama mwendawazimu. Na Bhimsen Joshi, kwa mujibu wa simulizi hizo hizo, hakumkandamiza. Alimtia moyo, na baada ya kazi akamwambia kwamba angefaa kuushika uimbaji wa kiklasiki moja kwa moja.

Wimbo unaitwa "Ketaki Gulab Juhi", maneno ya Shailendra, katika raga ya majira ya kuchipua. Maneno ya mwanzo ni majina ya maua tu. Ketaki ni jamaa ya mkadi wetu, gulab ni waridi, juhi ni aina ya asumini. Ni kikuba kizima. Mashi aliupiga mara ya kwanza, nikasikia waume wawili wanapiga kelele kwa ufundi. Akaupiga mara ya pili akaniambia nisisikilize kelele, nisikilize pumzi. Mara ya tatu nikaanza kuwatenganisha: Bhimsen anaingia na uzito wake, anajaza chumba. Manna Dey hajaribu kujaza chumba. Anakuwa mwepesi, anapita anapopita mwenzake lakini kwa miguu ya paka, na kasi inapopanda, zile taan, yaani mbio za nota zinazofuatana kama shanga za uzi uliokatika, anazimwaga safi moja moja. Haumshindi mtu mzito kwa kusukumana naye. Unamwacha aje, halafu unahama. Gobar Guha angeelewa.

"Swali," Mashi akasema. "Nani kashinda?"

"Manna Dey."

"Kwenye filamu. Nimekuuliza kwenye wimbo."

Nikasikiliza tena. Sikumjibu, akaridhika.

*

Upande wa pili wa sarafu tuligombana, mimi na Mashi, na ugomvi wenyewe haujaisha.

Mwaka 1968 ilitoka Padosan, filamu ya vichekesho. Kama hujaiona, acha kusoma nenda kaione kisha urudi. Mehmood anaigiza mwalimu wa muziki kutoka Kusini, mwenye kishungi na majivuno, anayemfundisha binti wa jirani. Dirishani kando ya pili yuko Sunil Dutt, mjinga mwema, anampenda binti huyo huyo na hajui kuimba hata kidogo. Kwa hiyo rafiki yake, anayeigizwa na Kishore Kumar, anajificha na kuimba, na Sunil Dutt anafungua mdomo. Yanazuka mashindano dirisha kwa dirisha: "Ek Chatur Naar". Mwalimu anaimba kwa kanuni zote, yule mjinga anamjibu kwa miayo, mikoromo, yodeli na vurugu, mpaka mwalimu anachanganyikiwa na kushindwa.

Sauti ya Mehmood ni Manna Dey. Kishore Kumar hakusomea raga kwa mwalimu yeyote. Alikuwa na kipaji cha kuzaliwa na ukichaa wa makusudi. Na sasa mtu aliyekaa miguuni pa maustadhi Kolkata na Bombay alitakiwa ashindwe mbele ya asiyesoma. Inasemekana hakuipenda kazi hiyo hata kidogo. Baadhi ya vipande vya upuuzi kwenye wimbo ule vimeimbwa na Mehmood mwenyewe, unasikia kabisa sauti inabadilika.

Mashi hakuwa tayari kuiona Padosan. Kwake ilikuwa ni udhalilishaji. "Walimchukua simba wakamvika kengele," alisema, na akanikumbusha, kidole juu, kwamba ni mwaka huo huo wa 1968 Manna Dey aliimba "Jhanak Jhanak Tori Baje Payaliya" katika Mere Huzoor, raga ya Darbari, ile raga nzito ya usiku, na akapata tuzo ya taifa kwa wimbo huo. "Hilo ndilo la kukumbuka. Sio mambo ya madirishani."

Mimi nilishikilia, na nashikilia, kwamba "Ek Chatur Naar" ni kazi kubwa kuliko "Ketaki Gulab Juhi". Kushinda mashindano ya kuandikwa ni kazi, sawa. Lakini jaribu kupotea njia ndani ya raga kwa namna ambayo msikilizaji asiyejua raga ataelewa kuwa umepotea, na anayejua ataelewa umepotea wapi, na huku hutoki nje ya nota hata kwa unywele. Yule mwalimu kwenye filamu anababaika. Manna Dey habahatishi. Kila kibabaiko kimekaa mahali pake.

Tena kuna kitu ambacho nilikiona siku moja nikiwa peke yangu, nikakimbia chini kumwambia Mashi, akakataa kusikia. Kichekesho chote cha mandhari ile kinasimama juu ya uwongo wa kazi yenyewe: mtu mmoja anafungua mdomo, mwingine anaimba mafichoni. Tunamcheka Sunil Dutt kwa sababu tunamwona Kishore amejificha. Lakini Kishore hajajificha, tunamwona, uso wake umo ndani ya filamu, anakula sifa mbili. Aliyejificha kweli ni yule anayeimba upande wa pili, kwenye mdomo wa Mehmood, ambaye hakuna kamera iliyogeuzwa kumtazama.

"Umemaliza?" Mashi aliuliza. "Kunywa chai."

*

Ukiorodhesha watu aliowaimbia utashangaa. Kilema aliyeigizwa na Pran katika Upkar ya 1967. Mzee Balraj Sahni anayemtania mkewe wa miaka mingi mbele ya wageni katika Waqt ya 1965, na wimbo wenyewe, "Ae Meri Zohra Jabeen", bado ndio wimbo wa mume mzee kwa mke wake katika bara lile lote. Yule mtu wa sura mbaya aliyeigizwa na Ashok Kumar mwaka 1963. Raj Kapoor tena, lakini safari hii amebandikwa ndevu za ustadhi, katika "Laga Chunari Mein Daag". Vijana wazuri walikwenda kwa Mohammed Rafi, kisha kwa Kishore. Kwake zilibaki sura zilizokunjamana. Tuzo yake ya Filmfare ya uimbaji ilikuja kwa "Ae Bhai" wa Mera Naam Joker, wimbo wa mchekeshaji wa sarakasi.

Na huenda alistahili kulalamika zaidi ya alivyolalamika. Aliendelea kujifunza tu. Alikuwa tayari kazini alipokaa tena chini kama mwanafunzi kwa Aman Ali Khan na Abdul Rahman Khan mjini Bombay. Aliimba kwa lugha nyingi, na wimbo wake wa Kimalayalam katika Chemmeen ya mwaka 1965 unapendwa Kerala mpaka kesho. Mkewe ndiye aliyemnyoosha matamshi.

Nyimbo mbili sizigusi mbele za watu. Moja ni "Poochho Na Kaise", wa huyo mtu wa sura mbaya, raga ya Ahir Bhairav, ambayo ni raga ya alfajiri. Anaimba mtu aliyekesha. Mashi alikataa kuupiga jioni. Aliniamsha saa kumi na moja, giza halijatoka, akaniketisha sebuleni. Sikuuliza kwa nini baada ya hapo.

Nyingine ni "Ae Mere Pyare Watan" wa Kabuliwala, filamu ya 1961 kutoka kwenye hadithi ya Tagore, mwandishi mkubwa wa Kibengali. Ni wimbo wa Waafghani wanaofanya biashara Kolkata, wanaikumbuka nchi yao. Mtu mwingine angeupaza. Yeye aliushusha, akauimba chini kabisa, kama mtu anayeogopa kuwaamsha wenzake waliolala chumba kimoja. Mimi nilikuwa na chumba kimoja na Waafrika wenzangu wawili mwaka wa kwanza. Najua namna ya kulia ile.

Sulochana alifariki Januari 2012 hapo hapo Bengaluru, mwaka na miezi tisa kabla yake. Mashi alisema baada ya hapo mzee hakuwa tena na wa kumwambia asikimbie.

*

Machi 2014, kabla sijaondoka, rafiki yangu mmoja kutoka Mysuru aliazima pikipiki ya kaka yake ili anipeleke Ramanagara, kiasi cha kilomita 50 kutoka Bengaluru. Kule kwenye vilima vya mawe ndiko Sholay ilikopigwa picha. Haikuwa na kigari cha pembeni, ila mawe yalikuwepo, na barabara, na tulikuwa wawili.

Ugomvi ulianza kabla hatujawasha injini. Yeye alitaka kuwa Kishore. Mimi pia nilitaka kuwa Kishore. Tukarusha sarafu ya rupia, nikashindwa, nikapewa Manna Dey.

Nilidhani nimepewa kipande chepesi, maana kwa miaka mingi sikujua hata kama kipo. Tulipopita Kengeri nikagundua kwamba yeye anatamba anavyotaka na mimi ndiye ninayetakiwa kushikilia njia: akipotea, mimi nisipotee, akipanda, nimfuate bila kumpita. Kufika Bidadi sauti ilikuwa imenikauka. Tukasimama kula idli, na kutoka pale mpaka kwenye mawe aliimba peke yake, sauti zote mbili, vibaya.